Bakuli la Mama Anord

Watu wengine hufilisika kimyakimya. Hufunga duka, wakasema wanapumzika kidogo, na mtaa ukaja kujua taratibu. Mimi nilifilisika kwenye simu za watu. Asubuhi moja, nikiwa nafungua kibanda changu cha mchele pale Mwanjelwa, Mbeya, kila mtu ambaye namba yake ilikuwa kwenye simu yangu alipokea ujumbe mmoja: kwamba Blandina, mwenye namba hii, ni mdaiwa sugu, amekimbia deni, na yeyote anayemfahamu amwambie alipe. Katekista aliupata. Mwalimu wa darasa wa binti yangu aliupata. Fundi aliyewahi kututengenezea choo aliupata, naye akanipigia kunipa pole, na pole ya fundi choo iliniuma kuliko matusi yote.

Na sikuwa nimekimbia. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye stuli yangu, napepeta mchele.

Nilivyofika huko ni hadithi fupi na ya kijinga. Nilikopa benki, nikajaza stoo mpunga kule Rujewa, Mbarali, nikasubiri bei ipande. Wafanyabiashara wa mchele karibu wote hufanya hivyo: unanunua wakati wa mavuno, unauza wakati watu hawana. Mwaka ule bei haikupanda. Ilishuka, ikakaa huko chini imenuna. Marejesho ya benki yakafika, nikakopa kwenye simu, kwa hao hao waliokuja kunitangaza, nilipe benki. Ya simu yakafika, nikakopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, nilipe simu. Mwisho wa yote nyumba yetu ya Iyunga ikapigwa mnada, na mpunga ukauzwa kwa bei ya kutupa. Mume wangu, Ambokile, alikwenda Tunduma kutafuta maisha, akayapata huko huko, na mwanamke mwingine juu yake. Binti yetu, Blessing, akachukuliwa na shangazi yake, Anyitike, anayekaa Isanga, Mbeya hapo hapo. Mimi nikarudi kwetu Kihesa, Iringa, kwenye chumba cha uani cha mdogo wangu Silvester, na begi moja la nguo.

Siku ile ile niliyofika, kabla sijatandika kitanda, jirani aliingia na bakuli la kande. Huyo ni Mama Anord, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumzidi umbo, anayeuza mitumba sokoni.

"Kamwene, Mama Blessing. Pole na safari. Kula, usilale na njaa."

Lilikuwa bakuli jeupe la bati, lenye maua mekundu, rangi imebanduka ukingoni. Nilikula zile kande nimesimama, nilivyokuwa na njaa. Kisha nikaliosha bakuli, nikalifuta kwa kanga yangu mpaka likang'aa, na kabla jua halijazama nilikuwa mlangoni kwake nalo. Alilipokea. Akatazama ndani yake, akanitazama mimi, akasema haya. Nikarudi kifua mbele. Nilikuwa nimejiapiza kwamba katika dunia hii hakuna mtu mwingine atakayesema Blandina ana chake.

Ndivyo nilivyoishi. Nikiazima jembe, jioni limerudi, limeoshwa. Nikiazima glasi ya sukari kwa Mama Anord, kesho yake naipima kwa glasi ile ile, nasawazisha juu kwa kisu, nampelekea. Nikipewa lifti ya pikipiki, nalipa. Nilidhani najenga jina. Mchana nilifua nguo za watu, nililima vibarua, niliuza viazi vya kuchemsha stendi, na kila nilichopata kilikwenda Mbeya kulipa wale waliobaki. Nilikula kwa Silvester kama mtoto, mimi dada mkubwa. Mkewe, Bertha, hakuwahi kuninunia hata siku moja, na wema wake ulinifanya nitembee kwa vidole ndani ya nyumba ile.

Nilipomaliza deni la mwisho nilipanda basi kwenda Mbeya, kwenye benki ile ile, nikavaa vizuri kabisa. Nilitaka kuambiwa kwa mdomo wa mtu kwamba yamekwisha. Kijana wa dawati la mikopo aliitwa Jofrey. Alibofyabofya kompyuta yake, akatabasamu.

"Hongera, mama. Kwetu huna deni."

"Kwa hiyo naweza kuomba mkopo mdogo?"

Alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Hapana, mama. Deni limeisha, ila historia ipo. Mfumo ukikusoma unaleta nyekundu."

"Mpaka lini?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Mfumo, mama."

Nilitamani nioneshwe huyo Mfumo nimkunje shati. Lakini nilijishika, nikauliza kwa upole nifanye nini ili naye anione nimebadilika.

"Ukope, urejeshe vizuri," alisema. "Ndiyo njia pekee."

"Si umesema sikopesheki?"

"Kwetu, mama. Anzia chini, kwenye vikundi. Ukishakuwa na jina zuri huko, baadaye na sisi tunaanza kukuona."

Nikatoka nje. Nilikuwa nimelipa kila senti ya kila mtu, na mlango ulikuwa umefungwa kama siku ile nilipokuwa sijalipa hata moja. Nilisimama pale barabarani nikacheka peke yangu, mpaka mlinzi akaniuliza kama niko sawa.

Toka pale nikaenda Isanga kumwona binti yangu. Nilimkuta mrefu, mpole kupita kiasi. Tulipokaa kula, Blessing alimaliza kabla yetu wote, akachukua sahani yake, akaiosha, akaifuta, akaipanga, sisi wenzake hata nyama hatujaigusa.

"Mbona haraka hivyo?" nilimuuliza.

"Nisije nikasemwa, mama," alijibu taratibu.

Anyitike si mtu mbaya, nisimsingizie. Alinisindikiza mpaka nje, akaongea akitazama milima.

"Wifi, mtoto nimemlea, wala sijutii. Ila nyumba yangu unaiona, na mwanangu Lusekelo anarudi na mke wake. Shule zikifunguliwa mwezi wa saba, kama umepata pa kukaa, mchukue. Kama hujapata, kaka anasema aende kwake Tunduma."

"Kwa yule mwanamke?"

"Ndaga, wifi, pole. Mimi nimesema nilichoambiwa."

Basi nikarudi Kihesa na tarehe kichwani. Chumba cha Silvester uani hakikuwa cha kulala na binti aliyevunja ungo; kitanda kimoja kilikuwa kimekimaliza. Chumba cha kupanga kilikuwepo mtaa wa juu, kizuri, chenye dirisha, na mwenye nyumba, mzee Abrahamu, alitaka kodi ya miezi sita mkononi kama wenye nyumba wote. Miezi sita! Mtu mwenye pesa ya miezi sita angekuwa na shida gani? Ili nipate kodi nilihitaji biashara, na biashara ninayoijua ni mchele tu. Nikampigia Asukile, mwenye mashine ya kukoboa kule Rujewa. Zamani huyu alikuwa ananipa magunia kwa mali kauli, yaani nachukua kwa neno tu, nauza, namletea chake. Tulikuwa tunaongea dakika moja na lori linapakiwa.

"Mama Blessing, nakuheshimu sana," alisema safari hii. "Mavuno yameanza, mpunga upo. Ila uje na hela mkononi."

Kilichobaki kilikuwa kikundi cha Bertha. Ni akina mama wa mtaa, Walutheri na Wakatoliki pamoja, wanakutana kila Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi, na sanduku lao la kufuli tatu. Mimi nilikuwa mwanachama tangu mwaka uliotangulia. Nilinunua hisa kila wiki hata kama ni moja, sikuchelewa, sikukosa, sikukopa. Sasa nikaandikisha ombi langu.

Kikundi kile kina utaratibu wake. Mkopaji husimama mbele, na mwenyekiti huuliza, "Nani anasimama naye?" Hakuna hotuba. Wadhamini wawili huinuka, wakaja kusimama kushoto na kulia kwake, mmoja ndugu na mwingine jirani asiye ndugu. Wakisimama, umepata. Wasiposimama, unarudi kukaa, na mkutano unaendelea.

Nilisimama. Mwenyekiti akauliza. Bertha akaja kushoto kwangu bila kusita. Kulia kwangu pakabaki wazi.

Nilitazama madawati yale yaliyojaa majirani zangu. Mwanamke niliyerudisha jembe lake likiwa limeoshwa alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba. Mwingine niliyemlipa hata nazi moja alikuwa anambembeleza mtoto aliyelala. Mama Anord aliangalia ubao, ambao ulikuwa umeandikwa hesabu za darasa la nne. Nje jogoo aliwika. Mwenyekiti akauliza mara ya pili, kwa huruma, na huruma yake ikanichoma. Nikarudi kukaa. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo sikujua nimpe nani.

"Watanihukumu kwa deni la Mbeya mpaka lini?" nilimlipukia Bertha tulipofika nyumbani. Tulikuwa jikoni tunamenya viazi. "Nimelipa! Nimelipa kila mtu!"

Bertha aliendelea kumenya. "Wifi, wala si deni la Mbeya."

"Ni nini basi?"

"Ni bakuli."

Nikamtazama.

"Bakuli ya Mama Anord. Siku ulipofika. Ulimrudishia tupu." Aliweka kisu chini. "Na ile sukari ya kupima kwa kisu. Wifi, wewe umezaliwa hapa hapa Kihesa. Unajua mtu anayerudisha chombo kitupu anasema nini. Anasema tusijuane. Sasa wanasema, huyu hataki kuzoeana na mtu, siku akiondoka ataondoka bila kuaga. Nani atasimama na mtu kama huyo?"

Ni kweli nilizaliwa hapa. Marehemu mama alikuwa akikurudishia chombo chako kina mahindi mawili, au boga, au hata majani ya maboga yaliyolowa, na wewe siku nyingine ukimletea chombo chake kina kitu, hata kama ni kidogo cha kuchekesha. Vyombo vya mtaa mzima vilizunguka hivyo, na hakuna aliyejua nani anamdai nani. Nilijua yote hayo. Yalikuwa yametolewa kichwani mwangu na wapiga mnada, pamoja na kabati na makochi.

"Nitamwomba msamaha," nilisema.

"Kwa maneno?" Bertha alinishangaa. "Utaenda mikono mitupu kumwomba msamaha wa chombo kitupu?"

Hapo ndipo nilipoona nilivyonaswa. Bakuli lilikuwa kwake. Siwezi kulijaza bakuli ambalo nimesharudisha. Ili nilirudishe vizuri ilibidi kwanza nipewe tena, na mwenye kutoa ni yule yule niliyemtukana.

Siku ya kwanza nilikwenda kuomba chumvi. "Imeisha," Mama Anord alisema, na pakiti naiona juu ya rafu. Siku ya pili niliomba kitunguu. "Nacho kimeisha." Siku ya tatu nikamvizia akiwa na wageni wake wa jumuiya sebuleni, nikapiga hodi, nikaomba unga wa uji. Mbele za watu hakuweza kuninyima. Aliingia ndani, nikasikia makopo yakigongana kwa fujo, akarudi na unga kiganja kimoja, ndani ya bakuli lile lile jeupe la maua mekundu. Alinikabidhi bila kunitazama.

Nilikoroga uji, nikanywa, nikaosha bakuli. Nikaliweka juu ya meza chumbani. Na mara hii sikulirudisha.

Nisidanganye kwamba ulikuwa ujanja. Nilikuwa nimepanga kulijaza. Lakini nilijaze nini? Pesa yangu yote ilikuwa kwenye hisa, na iliyobaki ilikuwa imekwenda na nauli ya Mbeya. Kwenye rafu ya Bertha kulikuwa na mayai, lakini yale ni mayai ya Bertha; nikiyaweka, aliyerudisha bakuli ni Bertha. Nilizunguka kutafuta nguo za kufua, na mvua za mwisho zilikuwa zimekataa kuisha, watu hawafui. Kila nikiingia chumbani bakuli lilikuwa linanitazama. Mikono iliniwasha nilirudishe tu, tupu, niwe huru. Nililishika mara nyingi, nikafika nalo mpaka mlangoni, nikarudi nalo. Bertha alikuwa akiniuliza kwa macho, na mimi namjibu kwa mabega. Jumamosi ilikuwa inakuja, na ilikuwa ya mwisho ya kukopesha kabla wanunuzi wakubwa hawajamaliza mpunga wa Rujewa.

Ijumaa mchana Mama Anord alikuja mwenyewe. Hakupiga hodi. Sauti yake ilitangulia ikafika uani kabla yake.

"Mama Blessing! Bakuli yangu iko wapi?"

Nilikuwa naanika majamvi ya Silvester. Jirani wa upande wa pili aliacha kufagia.

"Ipo," nilisema.

"Ipo inafanya nini? Ile mara ya kwanza uliileta mate hayajakauka. Hii ya sasa umeipenda?"

"Nitaileta."

"Lini? Bakuli yenyewe ninayo moja ya kupelekea wagonjwa chakula, na wewe umeikalia. Kama umeamua kunidhulumu sema nijue!"

Neno dhuluma lilinipiga. Nilikuwa tayari kumjibu, na mimi nikianza nina mdomo, aulizwe Ambokile. Nikafungua kinywa nimpe zake. Kikatoka kitu kingine.

"Sina cha kuweka ndani."

"Nini?"

"Sina cha kuweka ndani, Mama Anord. Sina yai, sina muhogo, sina kitu. Hata ile siku ya kwanza sikuwa nacho. Nilikuja na nguo tu. Nikaona aibu kusema, nikaona heri niwahi kurudisha, nionekane mtu wa haraka."

Hapo nikageukia majamvi. Tangu mnada sikuwa nimemwambia mtu maneno hayo. Nilikuwa nimesema nimeyumba, nimepata changamoto, najipanga. Sina, sikuwa nimesema.

Mama Anord akakaa juu ya ndoo yetu iliyopinduliwa.

"Sasa si ungesema?"

"Ningesemaje?"

"Kwa mdomo! Kwani mdomo ulibaki Mbeya?" Alikuwa bado anafoka, lakini ameshuka. "Siku zote hizo najiuliza nimekukosea nini. Nikasema huyu kaona kande zangu takataka. Baba Anord akasema labda mna kinyongo cha mpaka wa shamba, toka enzi za marehemu baba yako. Nimemnunia mpaka mume wangu kwa ajili yako! Na kile kisu, Blandina! Umenipimia sukari na kisu, kana kwamba mimi ni duka la Mhindi!"

Nilicheka nikilia. Nikaingia ndani, nikamletea bakuli lake. Alilisukuma kwa mgongo wa mkono.

"Sasa unaniletea ya nini, nawe umesema huna? Kaa nayo. Siku ukiwa nacho utaleta. Usipokuwa nacho, kaa nayo vile vile."

"Na wagonjwa?"

"Ninazo zingine nne," alisema, akainuka, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi nilisimama tena mbele ya madawati. "Nani anasimama naye?" Bertha akaja kushoto. Nikasubiri, natazama vidole vya miguu yangu. Mama Anord alikuwa anafungua fundo la kanga yake, anahesabu sijui nini, anafunga tena, polepole, kwa makusudi kabisa. Kisha nikasikia dawati likilia, na harufu ya mitumba ikaja ikasimama kulia kwangu.

"Cherehani yangu inajulikana ilipo," aliwaambia wote. "Akishindwa, mkaichukue."

Cherehani ile ndiyo humrekebishia mitumba, na mitumba ndiyo inayowasomesha watoto wake. Nilipaswa kufurahi. Nilitamani arudi akakae. Mwenyekiti alihesabu noti kwenye kiganja changu na kila noti ilikuwa nzito, maana safari hii nikianguka siangukii peke yangu. Nilizikunja, nikazifunga kiunoni, na fundo lile lilinibana mpaka Rujewa.

Rujewa vumbi la pumba lilikuwa hewani kama nilivyoliacha, mashine zinaunguruma, ng'ombe wamesimama katikati ya barabara na hawana habari. Asukile alizihesabu pesa zangu mara mbili, jambo ambalo zamani lingenifanya nimtukane. Alipomaliza alikuwa rafiki yangu tena.

"Mama Blessing, nikushauri kitu. Usikoboe. Acha mpunga hapa stoo kwangu, sikudai pango. Mwaka huu mwezi wa kumi na mbili bei itaruka, wote wanasema. Utauza mara mbili ya hapa."

Moyo uliruka, ulaaniwe. Nilijua maneno yale. Ni yale yale yaliyoniuzia nyumba, na bado yaliingia masikioni matamu kama siku ya kwanza. Nilianza kupiga hesabu pale pale. Nikaona chumba chenye dirisha, nikaona kibanda kipya, nikaona Jofrey akinikaribisha kiti. Kisha nikaona watu wanatoa cherehani mlangoni kwa Mama Anord, naye amesimama pembeni, mfupi, hana sauti.

"Koboa," nilisema. "Yote. Leo."

Kesho yake mchana nilikuwa Kihesa na magunia yangu, nauza kwa kilo, nyumba kwa nyumba, kwa faida nyembamba ya kukwaruza. Nilirudi Rujewa tena, na tena. Sikulala vizuri kipindi kile chote. Nilikuwa naamka nahisi bei imeshuka wakati nimefumba macho. Nilirejesha mkopo wa kikundi kabla ya siku yake, na kilichobaki kikaenda chote kwa mzee Abrahamu, miezi sita, akakihesabu kwa kulowesha kidole. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa. Nilimkuta Blessing kwa Anyitike amekaa sebuleni na begi lake liko mlangoni, limefungwa. Hakuna aliyeniambia lilikuwa limefungwa kwa ajili yangu au kwa ajili ya Tunduma, na mimi sikuuliza. Nililibeba.

Kabla ya kumfuata nilikuwa nimeshapeleka bakuli. Nililijaza mchele mpya, sikupima, nikaurundika mpaka ukawa unamwagika njiani na kuku wananifuata. Mama Anord alichota kidogo, akanusa, akatafuna punje moja.

"Mh. Huu wa Mbarali kweli, au umenichanganyia?"

"Nimekuchanganyia na kisu," nilimjibu, na alicheka mpaka akashika ukuta.

Blessing hajamaliza siku mbili kwenye chumba chetu, bakuli likarudi. Mama Anord alilileta limejaa kande, zenye moto, na juu yake mayai mawili yamefunikwa kwa jani la mgomba. Alimshika mtoto mashavu, akasema amekonda, akaondoka akipiga kelele na mtu mwingine njiani. Tukala. Nilitoka nje kuleta maji ya kunawa, na nilipogeuka nilimwona binti yangu amesimama kizingitini na bakuli mkononi. Alikuwa ameshaliosha. Alikuwa analifuta kwa upindo wa sketi yake, mpaka lile ua jekundu la ukingoni likang'aa, na ameshavaa ndala.

"Unakwenda wapi?"

"Kurudisha, mama."

"Sasa hivi?"

"Ni ya watu." Aliongea kwa haraka, kwa sauti ndogo. "Tusije tukadaiwa."

Nilimtazama mikono. Niliitambua ile namna ya kufuta, duara, duara, mpaka kusibaki alama ya aliyekula. Mimi sikuwa nimemfundisha kwa maneno. Nilimwekea mikono yote miwili mabegani.

"Tunadaiwa, mwanangu," nilisema. "Liweke kabatini."

Aliliweka. Lakini jioni yote ile, akiandika kwenye daftari lake la shule, alikuwa akiinua macho kulitazama kabatini lilipo. Nami nilikuwa nimekaa kitandani nimeikalia mikono yangu, maana ilikuwa inaniwasha.